Rimoti Yenye Joto

Mafinga, Julai. Maranda yameshikana kwa umande,
hata msumeno unakohoa mara tatu kabla ya kuamka.
Jumamosi saa kumi, kazi ikishafungwa,
tunavuta turubai nyuma ya karakana ya Odilo Lulandala
na barabara inajitokeza:
plaiwudi nne zilizoungwa, mifereji miwili ya patasi,
utepe wa shaba kando ya kila mfereji,
na kona moja mbaya tuliyoipa jina Kinyanambo
kwa kuwa Odilo anadaiwa huko.

Gari utapewa, husema. Gari ni bodi na mota.
Rimoti chagua mwenyewe,
kama mtu anavyochagua jembe:
kwa kuliinua, si kwa kulitazama.

Akaziweka tatu kwenye benchi, akapuliza vumbi.

Ya kwanza, ya kubonyeza kwa dole gumba.
Plastiki imepauka kama jino la mvuta kiko.
Inajua maneno mawili, nenda na acha;
katikati hakuna neno.
Nilibonyeza mara moja. Gari likaruka Kinyanambo
likatua kwenye ndoo ya gundi.
Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Ya pili ililetwa na shemeji yake, ndani ya boksi,
imelazwa kwenye sponji kama yai.
Ina vitufe viwili vya kuzungusha,
kimoja cha breki, kimoja cha wepesi,
na taa ya kijani isiyopepesa.
Gaudensia Chavala hutumia hiyo.
Gari lake huingia kona kama maji yanavyoingia mtungini,
bila kubishana.
Nikaishika. Nyepesi, baridi, ina adabu.
Lakini kifyatulio chake kinataka kidole cha shahada
na kinaitaka ncha.

Ncha yangu niliiacha kiwandani
mwaka wa oda kubwa ya nguzo za umeme.
Nilipewa chai yenye sukari nyingi na siku tisa.
Tangu hapo kidole hiki hufika kwenye vitu kikiwa kimechelewa,
kama salamu ya kutumwa.
Kifungo cha shati, kinachelewa.
Shavu la mtoto, kinachelewa.
Na gari la mfereji halisubiri.

Ya tatu Odilo hakuisifu.
Mpini wa mninga, kauchonga mwenyewe,
na ndani yake waya wa pasi iliyokufa
umezungushwa, umezungushwa, umezungushwa.
"Ukinzani wake mwingi mno kwa mota hizi," akasema,
"itakushika shati mwanzoni.
Halafu inachemka. Ukifika mzunguko wa ishirini
utadhani umeshika kiazi cha jivuni."
Akajikuna shingo.
"Kifyatulio nimekipanua. Cha kati na cha pete
vinakaa humo pamoja."

Hakunitazama aliposema hivyo.
Alikuwa anatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

Nikachagua hiyo.

Ilinishika shati kweli. Gaudensia aliondoka
nami bado naomba ruhusa.
Ila kwenye Kinyanambo nilisikia kitu
ambacho kile kitufe cha kijani hakisemi:
waya ukilegea taratibu, gari likipumua,
tairi zikisaga kidogo, zikikubali.
Vidole viwili visivyozoea kuagizwa
vilijifunza kazi ya ndugu yao.

Mzunguko wa kumi na nane, mpini ukawaka.
Nje ukungu ulikuwa umemeza hata milingoti ya jirani,
na kile kipande cha kidole,
ambacho kila kipupwe hulala ganzi peke yake,
kiliegemea mti ule wa moto
kikaanza kuwasha, kama kinachoamka.

Nilishindwa kwa mizunguko minne. Iandikwe hivyo.

Gaudensia akaja akipulizia viganja.
"Hebu."
Nikampa.
Aliishika kwa mikono miwili, akasema, "Kumbe!"
Tukakunja turubai, tukazima taa, Odilo akatafuta kufuli,
naye alikuwa bado hajairudisha.